Mwizi wa Lita Tatu

Daftari langu la mafuta lina jalada la bluu
lililojikunja kwa joto la dashibodi.
Kushoto naandika kilomita, kulia lita,
na katikati, kwa wino mwekundu,
niliwahi kuandika: Kasele.

Toka Sikonge hadi Ipuli, ndoo ishirini za asali mgongoni,
lita nane zilitosha, na mshale ukabaki na heshima yake.
Machi zikawa tisa. Mei, kumi.
Juni, vumbi lilipoamka njia za ndani, kumi na moja,
na mimi Kalunde, niliyefunzwa hesabu
na mama muuza karanga pale stesheni,
najua tatu hazipotei. Tatu huchukuliwa.

Nani hulala na gari? Kasele.
Nani ana mpira wa kufyonzea? Kasele
(ule ule wa kuhamishia asali,
lakini hasira hainusi, inashika tu).
Nikamlipa siku zake kumi na tisa, noti juu ya boneti.
Akazihesabu polepole, akazikunja, akasema:
"Dada, hili gari linavuta kulia."
Nikamjibu: "Anayevuta ni wewe."
Siku ile nilijiona fundi wa maneno.

Julai niliendesha peke yangu.
Ufunguo chini ya mto, tangi nimelitia kufuli ya sanduku.
Lita kumi na moja na nusu.

Ndipo nikaenda kwa Nasoro Msabila,
gereji yake nyuma ya ghala la zamani la tumbaku,
harufu ya jani bado imo ukutani.
Hakuuliza kitu. Alifungua ekilina,
akaigonga juu ya jiwe,
na Sikonge nzima ikamwagika: udongo mwekundu,
vipande vya mabua,
nyuki watatu, wakavu kama maganda ya vitunguu.
"Gari lako," akasema, "limekuwa likipumua ndani ya blanketi."
Akachomoa plagi: nyeusi, meno ya mvuta kiko.
Akapima upepo: matairi yote yamelegea,
la nyuma limelegea kama ahadi.
Kisha akapiga jeki gurudumu la mbele, la kulia,
akaniambia: zungusha.
Nikazungusha. Likagoma.

Breki ilikuwa imeuma muda wote huo,
nami nakanyaga mafuta kuishinda breki
ambayo mguu wangu hata haukuigusa.

"Linavuta kulia," nikasema.
"Ehee. Dereva makini angelisikia kwenye usukani."
Yupo aliyelisikia, bila usukani,
amekaa nyuma juu ya ndoo.

Sasa kila Jumatatu, kabla jua halijapasha mpira,
napima upepo.
Ekilina naipuliza kila safari ya nne.
Nimeshusha mnyororo, jembe, na betri mbovu
niliyokuwa nikiitembeza bure toka mwaka jana
kama mgeni asiyejua kuaga.
Agosti: lita nane kasorobo.
Fedha niliyookoa imelipa plagi,
hiyo hesabu ni nyepesi.

Jana nikamkuta Isevya, anaziba pancha kivulini mwa kontena.
Nikaegesha. Toka Ipuli nilikuwa nikipanga maneno,
marefu, yenye mwanzo na mwisho,
na yote yakazima pamoja na injini.
Kasele hakunitazama mimi. Alitazama matairi,
akainama, akalibonyeza la nyuma kwa kidole gumba.
"Umejaza," akasema.
"Nimejaza."
Akarudi kwenye beseni lake la maji,
kutafuta viputo kwenye mpira wa mtu mwingine.

Wino mwekundu haufutiki. Nimejaribu kwa mate.
Nimegeuza ukurasa: kushoto kilomita, kulia lita,
katikati nimeacha wazi,
upana wa jina.